Dundu wa mavi: watumishi tusiowajua kwa majina

Wako viumbe ambao ukiwataja tu, mtu hukunja uso. Mmojawapo ni yule dundu mweusi tunayemwona njiani baada ya mvua, kichwa chini na miguu juu, akisukuma kinyumenyume kidonge cha mavi kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Watoto humchezea, wakubwa humruka, magari humkanyaga. Tumempa jina la dundu wa mavi na tukadhani habari yake imekwisha. Juma hili naomba tumtazame vizuri zaidi, maana ndani ya jina hilo moja tumewafungia maelfu ya wadudu wasiofanana kwa sura, wala kwa tabia, wala kwa kazi. Na kutowatofautisha kuna hasara, tena hasara ya fedha.

Tuanze na ukoo wao. Mwaka 1758 msomi wa Sweden, Carl Linnaeus, alipochapisha toleo la kumi la kitabu chake cha kuorodhesha viumbe, alimwandika mmoja wao kwa jina la Scarabaeus sacer, maana yake mtakatifu. Jina hilo lilifuata imani ya Wamisri wa kale, ambao walipomwona dundu akiviringisha kidonge chake walifikiri juu ya jua linavyosukumwa angani, wakamhesabu kuwa ni alama ya Khepri, mungu wa jua la asubuhi.

Leo jamaa hiyo ya Scarabaeidae inahesabiwa kuwa na spishi zipatazo 30,000 duniani kote. Ukitaka kuwatambua, tazama vipapasio vya kichwani: nchani vina vijani vidogo vinavyokunjuliwa na kukunjwa kama upepeo. Alama hiyo wanayo wote, lakini tabia zao ni mbalimbali. Chonga, yule mwenye pembe anayetoboa minazi kule pwani, ni wa jamaa hiyo. Mabuu meupe yaliyojikunja, yale yanayotafuna mizizi ya miwa na mahindi, mengi yake ni ya jamaa hiyo. Goliath wa misitu ya Afrika ya Kati, ambaye ni miongoni mwa wadudu wazito kuliko wote duniani, naye ni ndugu yao. Hawa wa mavi hasa ni tawi moja tu la ukoo, na tawi hilo peke yake lina spishi zaidi ya 5,000. Kwa hiyo katika nyumba hiyo moja yuko mharibifu na yuko mtumishi, na anayewaua wote kwa pamoja kwa kuwa wanafanana mgongo hajitendei haki.

Sasa tuje kwenye kazi. Wataalamu wamewagawa dundu wa mavi katika makundi matatu makubwa. Kundi la kwanza ni la waviringishaji, ambao hukata tonge, hulifinyanga likawa mviringo, kisha hukimbia nalo mbali wakalifukie. Hukimbia kwa sababu kwenye lundo kuna wezi, dundu wenzao wanaongoja kunyang'anya kilicho tayari. Ndiyo maana hufuata mstari ulionyooka kabisa. Mwaka 2013 Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund huko Sweden na wenzake wa Afrika Kusini walitangaza kwamba dundu hao, usiku usio na mwezi, huongozwa na ule mkanda mweupe wa nyota unaokata mbingu. Walijua hivyo baada ya kuwavisha vikofia vya kuwaziba macho yasione juu, na pia kwa kuwapeleka katika jumba la kuonyeshea nyota mjini Johannesburg. Waliozibwa macho walipotea njia.

Kundi la pili ni la wachimbaji. Hawa hawaendi mbali, bali hutoboa ardhi papo hapo chini ya lundo na kushusha mavi shimoni. Katika kundi hili yumo Heliocopris, dundu mkubwa anayezidi sentimita 5, ambaye hupenda mavi ya tembo. Kundi la tatu ni la wakaazi, ambao huzaa na kulelea watoto humo humo ndani ya lundo. Tena wako wa usiku na wako wa mchana, wako wa mchanga na wako wa udongo mzito.

Ukitaka kujua kazi hiyo ni kubwa kiasi gani, nenda Tsavo nchini Kenya. Watafiti walioandika mwaka 1974 walihesabu dundu 16,000 waliovamia kilo moja na nusu ya mavi ya tembo, wakayamaliza kwa muda wa saa mbili. Mavi hayo hayapotei. Huingia ardhini yakawa mbolea, vishimo hupitisha maji na hewa, mbegu hufukiwa, na nzi hukosa mahali pa kulelea funza wao.

Wasikilizaji, kuna nchi iliyojifunza thamani ya wadudu hawa kwa kuwakosa. Nchi hiyo ni Australia. Ng'ombe walifikishwa huko kwa meli mwaka 1788. Dundu wa mavi walikuwapo, tena wengi, lakini walikuwa wamezoea vinyesi vikavu vya kangaruu na wenzake. Mavi ya ng'ombe, makubwa na yenye majimaji, wengi wao hawakuyaweza. Ng'ombe mmoja huangusha lundo mara kumi na zaidi kwa siku. Basi malundo yakakauka yakabaki juu ya ardhi miezi na miezi, majani yakafunikwa, na nzi wakawa adhabu kwa watu na mifugo.

Mtaalamu mmoja mzaliwa wa Hungaria, George Bornemissza, ndiye aliyegundua kasoro iko wapi. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1985 serikali ya huko iligharimia mradi wa kuleta dundu kutoka nje, na wengi walitoka Afrika. Kituo kikafunguliwa Pretoria. Mayai yalioshwa kwa dawa ili yasibebe magonjwa ya mifugo, kisha yakatiwa katika vidonge vya mavi vilivyofinyangwa kwa mikono ya watu. Spishi zaidi ya 40 ziliachiliwa mashambani, na 23 zikashika. Ilibidi ziwe nyingi, kwani wa nchi za joto hawafai kwenye baridi, wala wa mchana hafanyi kazi ya usiku.

Wenzetu walitumia miaka 20 na fedha nyingi kutafuta kitu ambacho sisi tumekirithi bure. Je, sisi tunakitunza?

Hapa ndipo penye wasiwasi wangu. Tangu mwaka 1981 dawa ya mifugo iitwayo ivermektini imeenea duniani. Ni dawa njema, na waliochangia kuigundua walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015, kwa sababu imewaokoa binadamu wengi na upofu pia. Lakini ng'ombe akishachomwa sindano hiyo, sehemu ya dawa hutoka na mavi, nayo huua mabuu ya dundu kwa siku nyingi baadaye. Nzi huzaa kwa mamia, hivyo hurudi upesi. Dundu wakubwa hutaga mayai machache sana, hivyo wakipungua huchukua muda mrefu kurudi.

Jambo hili linatuhusu sisi wa mjini pia. Wengi wetu tuna ng'ombe wawili watatu kijijini au uani, na mara nyingi sisi ndio tunaonunua dawa dukani na kuituma nyumbani, tukiagiza zizi zima lichomwe kwa siku moja. Ushauri wa wataalamu ni kumtibu mnyama anayehitaji, kwa kipimo sahihi, na kuepuka kuchoma kundi zima mvua zinapoanza, wakati dundu wengi wanapotoka ardhini. Kabla ya kununua, muulize bwana mifugo kuna dawa gani nyingine inayotibu ugonjwa ule ule bila kuwadhuru.

Wazee walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Dundu hawa wameshika kazi ambayo hakuna kati yetu angeipigania, na hawadai mshahara. Tusiwaue kwa mkono huo huo unaotibu ng'ombe.