Kulinganisha Ahadi za Ajira za Wagombea: Kipimo cha Siku ya Kibarua

Mada ya semina ya elimu ya uraia kwa viongozi wa vikundi vya vijana, Mathare, Nairobi

1. Utangulizi

Mada hii inakusudia kuwawezesha viongozi wa vikundi kulinganisha sera za ajira za wagombea kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, kwa kurejelea ilani za uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Haimpigii debe mgombea wala chama chochote, kwa kuwa wajibu wa elimu ya uraia ni kumpa mpiga kura kipimo, si kumchagulia.

2. Istilahi

Ilani ni maandishi ambamo chama hueleza kitakachofanya kikishika serikali. Ajira rasmi ni kazi yenye mkataba na mshahara wa mwezi, ilhali jua kali ni sekta isiyo na uhakika huo, nayo ndiyo inayobeba zaidi ya wafanyakazi 80 katika kila 100 nchini Kenya. Kibarua ni kazi inayolipwa kwa siku.

3. Ilani mbili za 2022

Muungano wa Kenya Kwanza, ulioongozwa na William Ruto, uliahidi kuinua uchumi kuanzia chini kwa mikopo nafuu ya shilingi bilioni 50 kwa mwaka na kwa ujenzi wa nyumba za bei nafuu. Muungano wa Azimio, uliomsimamisha Raila Odinga, uliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa kaya milioni 2 maskini, pamoja na viwanda katika kaunti. Mkopo humwongezea muuzaji mtaji, na ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa, humwongezea mnunuzi uwezo. Kwa hiyo katika vichochoro vya Mlango Kubwa, hapa Mathare, mkopo peke yake unaweza kuongeza meza za sukuma wiki bila kuongeza wateja, na ruzuku peke yake inaweza kuleta wateja bila kumpa kijana meza. Hazina ya Hustler, iliyotokana na ahadi ya mikopo ya Kenya Kwanza na kuzinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ilianza na mikopo ya kuanzia shilingi 500 inayolipwa kwa siku 14, muda unaomfaa mama mboga anayezungusha mtaji kila asubuhi lakini usiomtosha seremala anayesubiri mnunuzi wa kitanda kimoja.

4. Tatizo sugu: ni nini kinachohesabiwa kuwa kazi

Tangu muungano wa Narc ulipoahidi ajira 500,000 kila mwaka mnamo 2002, wagombea wamekuwa wakishindana kwa idadi, na mara chache sana wameulizwa kazi moja ina siku ngapi. Mpango wa serikali wa Kazi kwa Vijana ulianza mwaka 2009, na ule wa Kazi Mtaani ukafuata mwaka 2020 wakati wa korona, ukiwalipa vijana wa mitaa kama Mathare shilingi 653 kwa siku ili wazibue mitaro na kuzoa taka, kabla ya malipo hayo kushushwa hadi shilingi 455 katika awamu ya pili. Kwa hesabu ya mfano, kijana anayepata siku 11 kwa shilingi 455 hupokea shilingi 5,005 kwa mwezi, na anayepata siku 22 hupokea shilingi 10,010. Hata hivyo, katika hotuba za kampeni wote wawili huhesabiwa kuwa "ajira" moja moja.

Inasikitisha zaidi kwamba kazi hizi hazidumu. Mwaka 2024 mpango mwingine, wa kusafisha mito ya Nairobi, uliwarudisha vijana kwenye kazi ya aina ileile, kana kwamba mto ulikuwa umeacha kuchafuka katika kipindi cha katikati. Taka za Mathare huzalishwa kila siku, na kwa sababu hiyo kazi ya kuziondoa ni ya kudumu. Kinachokuwa cha muda ni malipo tu.

5. Mapendekezo

(i) Kila mgombea atakiwe kueleza ahadi yake kwa siku za kazi na malipo ya siku, si kwa idadi ya ajira pekee.

(ii) Aeleze chanzo cha fedha, kama inavyojulikana ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unakatwa kwa nani.

(iii) Aeleze kazi itakoma lini, na ni nini kitakachofuata.

(iv) Mikopo na ruzuku zijadiliwe kama mtaji na msaada, wala zisihesabiwe kuwa ajira.

(v) Muda wa kurejesha mkopo ulingane na aina ya biashara.

(vi) Uzoaji taka na usafishaji mito uwekwe kwenye bajeti ya kudumu ya kaunti, na vikundi vya mtaa vipewe mikataba.

(vii) Wagombea wa udiwani na ubunge waulizwe maswali hayohayo, kwa kuwa diwani hushiriki kupitisha bajeti ya kaunti.

(viii) Vikundi vihifadhi majibu kwa maandishi, ili mwaka 2032 ulinganisho uanzie kwenye kumbukumbu; na juu ya yote, swali la siku ngapi na shilingi ngapi liulizwe kwanza katika kila mkutano.