BASI LA WAFANYA KAZI: TUJIHESABU KWANZA

Ndugu wanachama,

Eldoret ilifanywa jiji tarehe 15 Agosti, 2024, lakini wako kati yetu watokao zamu ya usiku na kurudi Langas au Huruma kwa miguu, gizani. Matatu ziliruhusiwa mwaka 1973 kuchukua abiria bila leseni maalum, na tangu hapo hufuata penye watu wengi.

Sasa twataka kukodi basi letu. Kila mtu aandike: akaa wapi, atoka kazini saa ngapi, aweza kulipa nauli gani. Asiyekusudia kupanda asiandike jina ili kukipendeza chama. Basi likienda tupu mwezi wa kwanza, mwezi wa pili halitakuja. Tukiwa na hesabu ya kweli, tutakuwa na neno la kumwambia tajiri.

Umoja ni nguvu.