Matibabu ya Usiku

(Hotuba iliyotolewa na Katibu mstaafu wa chama cha msingi mbele ya wanachama, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu)



Nimepewa nusu saa niseme juu ya maendeleo ya afya katika muda wa miaka 10 ya Chama Kikuu chetu. Nadhani walionipa kazi hii walitazamia nihesabu majengo. Kuhesabu si kazi inayonichosha, maana nilikuwa karani wa mizani miaka mingi kabla ya kuwa Katibu. Lakini majengo mnayaona wenyewe, na kokoto zake mlizibeba wenyewe. Naomba ruhusa yenu niyaache yasimame mahali pake, nizungumze juu ya jambo lisilokuwamo ndani yake baada ya jua kutua.

Miaka 3 iliyopita, mjukuu wangu aliyekuwa na umri wa miaka 4 alishikwa na homa mchana. Bibi yake alimpangusa kwa maji, akanywa uji kidogo, tukaona ametulia. Saa 2 ya usiku akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka juu, meno yameumana. Ndugu zangu, wengi wenu mmeyaona haya. Wako wazee katika mlima wetu ambao hata leo husema ni ndege amempitia mtoto, wakaagiza moshi na majani. Sisi tulijua kuwa ni malaria imepanda kichwani, tukambeba mbio kwenda zahanati. Kwa mguu ni nusu saa.

Ukutani pa zahanati ile pameandikwa kwa rangi ya buluu, kwa herufi kubwa, kwamba huduma hutolewa saa 24. Mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi alituamkia kwa adabu akasema, "Mzee, muuguzi hayupo." Yuko wapi? Hajui. Atarudi lini? Hajui. Ufunguo anao nani? Anao muuguzi. Tukaenda mpaka chumba alichopanga muuguzi huyo karibu na soko, maana nyumba ya mtumishi iliyojengwa pale zahanati paa lake linavuja na hakuna aliyelitengeneza. Jirani yake ndiye aliyetuambia kuwa amekwenda wilayani tangu asubuhi kupeleka taarifa za mwezi na kuchukua dawa, naye amekosa gari la kurudi.

Ilikuwa saa 4 tulipompata kijana mwenye pikipiki aliyekubali safari ya usiku, kwa nauli mara mbili ya mchana. Sikumbishia. Tulifika kituo cha afya saa 5 na robo. Pale taa zilikuwa zinawaka, nikamshukuru Mungu mapema mno. Mhudumu wa mapokezi alifungua daftari, akaandika jina, umri na kijiji, kisha akatuambia tuketi tumngojee tabibu wa zamu. Tabibu wa zamu alikuwa kwake, na simu yake ilikuwa haipatikani. Baada ya muda mrefu ndipo nikamtuma kijana wa pikipiki amfuate nyumbani. Alikuja saa 7 na dakika chache, naye, namsema kwa haki, alimtazama mtoto mara moja akajua la kufanya. Lakini kabati la dawa za sindano lilikuwa limefungwa, na ufunguo wake alikuwa nao mtu mwingine, ambaye naye alikuwa hana budi kufuatwa. Mtoto alipata sindano saa 8 na dakika 40.

Mtu aliyezoea mizani hawezi kuiacha hesabu hata akiwa na huzuni. Toka mtoto aanze kutetemeka mpaka sindano ni saa 6 na dakika 40. Miguu yetu na barabara vilichukua saa 1 na dakika 45. Saa 5 kasoro dakika 5 zilizobaki ziliishia katika kutafuta watu na kungojea funguo. Kila mara nisikiapo mtu akisema kuwa taabu yetu kubwa ni barabara, hesabu hii hunirudia.

Mtoto amepona, naye yuko darasa la kwanza. Mkono wake wa kushoto haujarudisha nguvu zake zote. Sina haki ya kusema ni kwa sababu ya saa zile, kwani maradhi yale huacha alama zake hata kwa mtoto aliyetibiwa upesi. Lakini sina pia namna ya kujizuia nisiwaze hivyo ninapomwona anafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

Bwana Mwenyekiti, sikuja kumshitaki mtu. Muuguzi wetu peke yake hupima wajawazito, huchanja watoto, hutibu wagonjwa wa siku, huandika vitabu vya taarifa, tena huamshwa usiku kuzalisha. Mtu huyu tukimwita mzembe kwa kuwa usiku mmoja hakuwako, tutakuwa tumemdhulumu. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa miaka 10 wa kukuza afya ya msingi, wenye shabaha ya kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya. Ulikuwa mpango mzuri, nasi tuliuitikia kwa jembe na kwa mchanga. Walakini matofali huungua kwa siku chache, na tabibu husomeshwa kwa miaka. Basi kuta zilipanda upesi kuliko watu wa kuzijaza. Zahanati nyingi za vijijini hufunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri, na usiku hutegemea hisani ya mtu aliyekwisha kuchoka.

Dawa ipo. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi 9 za Afrika na Tanzania ikiwamo, juu ya watoto 5,425 wenye malaria kali, ulionyesha kuwa sindano ya artesunate huokoa watoto wengi kuliko kwinini tuliyoizoea: waliokufa walikuwa karibu 11 katika kila 100 kwa kwinini, na kati ya 8 na 9 kwa dawa mpya. Iko tena artesunate ya kutiwa njia ya haja kubwa, iliyofanywa makusudi kwa mtoto mdogo aliye mbali na sindano, apewe dozi moja kisha akimbizwe penye tiba kamili. Watu wenye elimu walihangaika miaka mingi ili kupata nafuu ile ya watoto 2 katika 100. Nasi tunaipoteza nyuma ya kufuli la kabati.

Wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika mwaka 1994 juu ya akina mama wanaokufa kwa uzazi, wakasema kuchelewa kuko kwa namna tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Mimi nilipoyasikia maneno haya katika semina nilidhani wanasimulia usiku wangu. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufa kabla ya saa 2 kwisha. Zile saa 5 kasoro dakika 5, kwa mama wa namna hiyo, ni vifo viwili vikifuatana.

Nisije nikasema mabaya tu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulipata vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata 104. Sababu ni nyingi, na vituo vya afya vingi vilivyopewa vyumba vya upasuaji tangu mwaka 2017 ni mojawapo. Upo pia mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mama akizidiwa, ndugu au mhudumu hupiga simu namba 115 bila malipo. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humwita dereva wa mtaani aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Angalieni uzuri wake: mtu wa kuitwa anajulikana kabla ya usiku kuingia, na nauli haibishaniwi mlangoni pa mgonjwa. Hakuna siri nyingine. Lakini mpango ule ni wa wajawazito, waliojifungua karibuni, na watoto wachanga. Mtoto wa miaka 4 hayumo. Mzee aliyepooza upande mmoja saa 6 ya usiku hayumo. Aliyegongwa na pikipiki hayumo.

Sasa nalisema lililonileta. Tazameni ghala letu la kahawa. Kufuli lake lina funguo mbili, moja kwa mtunza ghala na nyingine kwa mwenyekiti wa chama cha msingi. Jina la mlinzi wa kila usiku limeandikwa ubaoni, na namba yake ya simu. Wakati wa msimu, lori likija saa 9 ya usiku hupakiwa, na sijapata kusikia lori lililorudi tupu kwa sababu mwenye ufunguo amelala. Utaratibu huu hatukuletewa na mtu. Tuliutunga sisi wenyewe baada ya kuibiwa magunia 14 katika mwaka wa pili wa Chama. Tulichukua hasara mara moja, tukajifunza. Mbona katika hili la wagonjwa tumechukua hasara mara nyingi na bado ufunguo ni mmoja?

Naomba, basi, kwa kibali cha muuguzi na cha kamati ya zahanati ambayo nimekwisha kuonana nayo, kila zahanati iliyo karibu na chama cha msingi iwe na ubao mlangoni, ambao kila jioni utaandikwa nani yuko, na kama hayuko, amekwenda wapi na ni wapi pa kukimbilia. Kama muuguzi wetu angaliandika neno moja tu, "Sipo, nendeni kituo cha afya," ningaliokoa saa 1 na nusu. Naomba ufunguo wa pili uwekwe kwa mtu mwenye haki ya kuutumia. Sisemi wanakijiji wajigawie dawa, wala Mganga Mkuu wa Wilaya asidhani hivyo. Naomba Chama Kikuu kipatane na madereva wawili katika kila kijiji kwa bei moja ya usiku inayojulikana, wafikishe mgonjwa kwanza, malipo yafuate kwa stakabadhi iliyopigwa mhuri na kituo kilichompokea. Na paa la nyumba ya muuguzi litengenezwe kabla ya masika. Kwa haya yote ninapendekeza shilingi 5 katika kila kilo ya kahawa ya msimu ujao.

Najua kuna wanaonung'unika. Jana jioni mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Katibu, hiyo ni kazi ya Serikali, nasi kodi tumelipa." Amesema kweli. Kumleta tabibu wa pili ni kazi ya Serikali, na barua ya kumwomba nimeiandika kwa mkono wangu, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Lakini vyama vya ushirika vya dunia nzima vilipokutana kule Manchester, Uingereza, mwaka 1995, viliongeza msingi wa 7, ambao ni kuijali jamii. Mimi sioni kuwa msingi ule uliwekwa kwa ajili ya kununua jezi za mpira tu, ingawa vijana wetu walicheza vizuri asubuhi hii na sijuti zile jezi. Mwingine amesema madereva watabuni safari za uongo. Watajaribu, bila shaka. Hata kahawa huja na mawe ndani ya gunia, wala hatukufunga mizani kwa sababu hiyo.

Jambo hili ni la 9 katika orodha ya mkutano wa alasiri, baada ya hesabu na kabla ya uchaguzi. Nawaombeni sana msiondoke mkisha kula. Mwaka jana wakati wa jambo la 9 tulibaki watu 31, na akidi haikutimia.

Ubao wa kwanza nimekwisha kuununua. Ndio ule ulioegemezwa pale mlangoni. Chaki Mwalimu Mkuu ameahidi kutupa.