Mali Bila Daftari
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kisiwani Mombasa)



Leo tuongee juu ya marafiki wanaotaka kufungua pamoja mkahawa mdogo wa chakula cha haraka, lakini chakula chenye afya. Jambo lenyewe si geni. Kule Marekani, vijana watatu waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Georgetown walifungua Sweetgreen mwaka 2007, wakiuza saladi katika chumba kidogo. Leo biashara hiyo ina matawi zaidi ya 200.

Lakini tusiende mbali. Tupite Mji wa Kale jioni, pale Kibokoni. Tutakuta meza nje ya mlango, jiko, karai, na watu wanangoja viazi karai, bhajia na mishkaki. Asubuhi ni mahamri kwa mbaazi. Chakula cha haraka tunacho tangu zamani, jamani!

Na chakula chenye afya pia tunacho: mbaazi, kunde, mchicha, samaki wa kuchoma, mhogo wa kuchemsha, maembe. Vingi vyatoka mashambani kwenu, Kwale na Kilifi, vikapitia soko la Kongowea ama Marikiti. Kinachotuumiza ni mafuta mengi, chumvi na sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na ale angalau gramu 400 za mboga na matunda. Presha na kisukari vimo majumbani mwetu, tunawauguza wenyewe. Kwa hiyo anayepikia watu ameshika uhai wao.

Sasa swali. Kwa nini marafiki huanza na mbaazi na mchicha, kisha wakaishia na karai la mafuta meusi? Wengi watasema ni tamaa. Sisi tunasema, fungua daftari kwanza.

Tufanye hesabu ya mfano. Marafiki wanne wanauza sahani 60 kwa siku, kila sahani shilingi 100. Mauzo ni 6,000. Vyakula vimegharimu 3,600, makaa na gesi 400, kodi na leseni tukizigawa kwa siku 500, na ujira wa watu wanne, 300 kila mmoja, ni 1,200. Jumla ya gharama ni 5,700. Kimebaki 300.

Haya, jioni rafiki mmoja anawapelekea watoto sahani mbili. Mwenzake naye anampa shemeji mbili. Hakuna aliyelipa, na hakuna anayesema kitu, kwani si marafiki? Lakini mauzo yameshuka hadi 5,600, na gharama ni zile zile 5,700. Sahani nne tu, na faida yote imegeuka hasara ya shilingi 100!

Hasara hiyo italipwa na nani? Kodi haipungui. Ujira ukikatwa, watu watanuna. Basi wanapunguza pale ambapo mteja haoni haraka. Mafuta ya jana yanatumika leo, na kesho, na keshokutwa. Mafuta yanayorudiwa kuchemshwa huharibika: huwa meusi, hutoa povu, hutoa moshi mapema na harufu mbaya. Hayo hayafai kuliwa. Na mchicha unaondolewa kwa kuwa unaoza upesi. Taratibu ile biashara ya afya imekufa, ingawa mlango bado uko wazi. Urafiki nao unafuata.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari halimaanishi kwamba hatuaminiani. Linamwokoa rafiki asishukiwe bure.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha jiko, kaeni mkubaliane, na muandike:

1. Kila mmoja ametoa nini? Fedha, sufuria, chumba au nguvu zake? Vyote viandikwe kwa thamani.
2. Anayefanya kazi apate ujira. Faida igawanywe baadaye, kwa kipimo mlichokubaliana.
3. Chakula cha nyumbani kinunuliwe, hata kama ni kwa bei nafuu. Sahani ikitoka, iandikwe.
4. Mmoja ashike fedha, mwingine aandike. Daftari lisomwe mbele ya wote kila wiki.
5. Fedha za mafuta mapya ziwekwe kando kila siku, zisiguswe kwa jambo lingine.
6. Mtu asikope kwa jina la biashara peke yake. Katika ubia wa kawaida, deni la mmoja laweza kuwafikia wote.
7. Akitaka kutoka, au akifariki, fungu lake litalipwa vipi?

Msisahau leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wote wanaoshika chakula. Tena mpange mwaka mzima. Mwezi wa Ramadhani, Mji wa Kale mchana jiko hulala, na wateja huja kwa futari. Asiyeweka akiba mapema atakopa mwezi huo.

Anzeni kidogo: vyakula vitatu au vinne mnavyovijua vizuri, vya msimu, vinavyoisha siku hiyo hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini vidole viwili navyo lazima vikutane mahali pamoja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
- Katika biashara yetu, ni kitu gani kinachotoka bila kuandikwa?
- Tukipata hasara, huwa tunapunguza wapi kwanza? Nani anaumia?
- Ni mazao gani ya kijiji chetu yanayoweza kulisha mkahawa wa mjini?