Wingu Jeusi Juu ya Chai



Sisi tunaolima chai katika vilima vya Kisii na Nyamira, kutoka Kiamokama hadi Kebirigo, tumeona mabadiliko makubwa. Majani tuliyochuma hupimwa kwa mizani ya elektroniki. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, karo ya shule hutumwa kwa simu bila mtu kupanda gari. Hata utabiri wa hali ya hewa twausoma kiganjani. Haya ni mema, nasi twamshukuru Mungu aliyewapa wanadamu akili ya kuyabuni.

Lakini wingu jeusi likitanda alasiri, na mvua ya mawe ikaanguka kwa dakika chache tu, shamba lililokuwa la kijani hubaki vijiti. Mizani ipo, lakini hakuna cha kupima. Simu ipo, lakini haina fedha ya kutuma. Inabidi kungoja majuma kadhaa hadi machipukizi mapya yatoke, na mwalimu wa shule hangoji.

Wanadamu wamejaribu kupigana na mawe hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa majirani zetu wa Kericho, ndege zilirushwa kutia dawa mawinguni, ili mawe yasikue na kuharibu chai. Si vibaya kujaribu. Hata hivyo ndege zile zilikwisha ondoka, na mawe yangali yakianguka.

Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, Mungu anamwuliza Ayubu iwapo amepata kuona mahali mvua ya mawe inapowekwa akiba. Ayubu hakuwa na la kujibu. Nasi leo hatuna. Vyombo vyetu vyaweza kuhesabu tulichopewa, haviwezi kutupa.

Je, basi tukae bure? La, hasha! Kumtegemea Mungu si uvivu. Mkulima amchaye Mungu hupalilia, hutia mbolea, husikiliza utabiri. Wala tusidhani kwamba aliyepigwa na mawe ametenda dhambi kuliko jirani yake. Wingu hupiga shamba hili na kuruka lile, na wenye mashamba yote mawili ni watoto wa Baba mmoja. Yule ambaye chai yake ilipona asijisifu. Na ajiulize: mwenzangu atalipaje karo muhula huu? Simu ile ile iliyompokelea malipo yaweza kumpelekea ndugu yake msaada jioni hiyo hiyo.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa kazi za mikono yetu na kwa vyombo tulivyo navyo. Utulinde tusivitegemee kuliko wewe. Uwakumbuke walioharibikiwa, ukatutume kwao. Amina.