Kufunga Sumu kwa Mafuta
Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa



Nitazungumzia dawa moja, amfoterisini B. Huua kuvu aina ya kriptokokasi, ambao hushambulia ubongo wa watu waliodhoofishwa kinga na VVU. Wauguzi wa kanda yetu wanaijua vizuri: dripu za siku nyingi, homa na kutetemeka kwa mgonjwa, vipimo vya figo na potasiamu visivyokwisha. Dawa hii hushika ergosteroli, kiungo cha utando wa seli za kuvu. Lakini utando wa seli zetu una kolesteroli, ambayo ni jamaa wa karibu wa ergosteroli, na dawa haibagui ipasavyo. Figo ndizo huumia zaidi.

Tufanyeje ili dawa kali namna hiyo imfikie kuvu bila kumdhuru mgonjwa?

Jibu limo ndani ya utando wenyewe. Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake François Grendel walitoa mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yamefunika eneo karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Wakahitimisha kwamba utando una tabaka mbili. Kumbe vipimo vyao vilikuwa na kasoro mbili: mafuta hayakutoka yote, na eneo la chembe walilikadiria chini. Kasoro hizo zilifidiana, na hitimisho lao limesimama hadi leo.

Tabaka hizo hujipangaje? Fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakwepa. Mara nyingi husemwa kwamba mikia hukusanyika kwa sababu inapendana. Mimi sikubali, maana fundi hapa ni maji. Molekuli za maji zikilazimika kuuzunguka mkia wa mafuta hubanwa katika mpangilio usiozipa nafasi. Mikia ikikusanyika, maji hayo huwa huru. Ndiyo maana matone ya mafuta juu ya mchuzi huungana yenyewe. Fosfolipidi haziishii kuwa tone, kwa sababu vichwa vyake vinataka kubaki majini. Hulala tabaka mbili, mikia ndani, unene wa nanomita 4 au 5 hivi, kisha utando hujikunja mpaka usiwe na ukingo. Kifuko hicho ndicho liposomu. Mwanasayansi Alec Bangham wa Babraham, karibu na Cambridge, alivionyesha vifuko hivyo kwa darubini ya elektroni akiwa na Robert Horne, katika makala ya mwaka 1964.

Amfoterisini haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo hupachikwa katikati ya lipidi za kifuko. Hapo uteuzi wa lipidi ndio kila kitu. Lesithini (fosfolipidi) ya kiini cha yai hubaki laini hata kwenye baridi, na kifuko chake huvuja. Lesithini ya soya iliyoongezwa haidrojeni hulegea kwenye nyuzi 50 na zaidi tu, kwa hiyo katika joto la mwili hubaki imara. Ongeza kolesteroli, punguza kipenyo hadi chini ya nanomita 100, na dawa hutulia kifukoni mpaka imkute kuvu.

Liposomu hizo zilipimwa kwa wagonjwa wa kriptokokasi katika jaribio la AMBITION, lililofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Dozi moja ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili, pamoja na dawa nyingine za kuvu, flusitosini na flukonazoli, kwa siku 14, ililinganishwa na siku 7 za amfoterisini ya kawaida pamoja na flusitosini. Katika wiki 10 walifariki asilimia 24.8 kwa dozi moja, na asilimia 28.7 kwa tiba ya zamani. Madhara makali pia yalipungua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dozi hiyo moja.

Kalaazar, ugonjwa mwingine unaotibiwa kwa liposomu hizi, imetupa somo gumu zaidi. Vimelea vyake hukaa ndani ya chembe walaji za ini na wengu, chembe zilezile zinazomeza liposomu. Nchini India, dozi moja ya miligramu 10 kwa kilo iliponya vizuri sana. Ilipojaribiwa Sudan na Ethiopia haikufua dafu, na jaribio likasimamishwa. Kwa hiyo mtoto wa Baringo, Kenya, au Karamoja, Uganda, aliendelea kuchomwa sindano kwa siku 17. Nawasihi wanafunzi wangu walifikirie hilo kila wanaposoma makala kutoka mbali: wagonjwa wetu hawawezi kutibiwa kwa matokeo ya wengine.

Halafu kuna bei na joto. Mwaka 2018 mtengenezaji wa liposomu hizo alitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa cha miligramu 50 katika nchi maskini. Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji vichupa 10. Na vichupa hivyo vinatakiwa visizidi nyuzi 25, wakati Lodwar, Kenya, mchana hupita 35. Katika miaka ijayo maabara yetu itatafuta mchanganyiko wa lipidi unaostahimili joto hilo bila friji, kwa malighafi ambazo kiwanda cha hapa kinaweza kuzisafisha. Kazi ya kwanza ni kupima ni kiasi gani cha dawa kinavuja kifukoni baada ya miezi sita kwenye rafu ya zahanati isiyo na umeme.