Nyumba Iliyo Rehani Siku ya Talaka

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya, Kampala

 

 Mambo ya talaka yamesemwa mara nyingi juu ya mimbari, na hukumu zake zajulikana. Walakini liko jambo moja ambalo zamani halikutajwa, kwa kuwa wazee wengi wa mji huu walijenga nyumba zao kidogo kidogo, matofali mwaka huu na mabati mwaka ujao, bila ya kukopa. Jambo hilo ni nyumba iliyowekwa rehani benki, ambayo wenyewe wanaachana kabla ya deni kumalizika. Wengi hudhani kwamba mume akisha kutamka neno la talaka, kila kifungo kilichokuwa baina ya wawili hao kimefunguka. Sivyo. Talaka hufungua ndoa, haifungui rehani. Benki haikuolewa, wala haiachiki.

Mtu na afikirie mfano wa bwana mmoja wa Kawempe aliyekopa shilingi milioni 80, akajenga nyumba, na mkewe akatia saini ya kuridhia. Kila mwezi yampasa alipe shilingi milioni mbili. Ugomvi ukaingia, talaka moja ikatoka, bwana akahamia kwa nduguye. Mwezi ulipoisha hakulipa, akasema, "Mimi silali mle, nilipie nini?" Bibi naye hakulipa, akasema, "Hati ina jina lake, nilipie nini?" Kila mmoja akamngojea mwenzake, na benki haikumngojea hata mmoja wao.

Yafaa watu waijue hesabu ya benki. Sheria ya Rehani ya Uganda ya mwaka 2009 yasema kwamba mwenye deni akishindwa kulipa, benki humpelekea taarifa ya maandishi na kumpa siku 45 za kazi arekebishe mambo yake. Siku hizo ni wiki tisa. Asiporekebisha, huletewa taarifa ya pili, ya kuuzwa nyumba, nayo ina siku 21 za kazi, ndizo wiki nne na siku moja. Jumla yake ni wiki kumi na tatu na siku moja. Sasa na itazamwe eda. Mwanamke asiyepata hedhi eda yake ni miezi mitatu, na miezi mitatu ni kama wiki kumi na tatu. Basi benki ikiharakisha, muda wake na muda wa eda hukaribia kulingana, na wale wasemao, "Eda na ipite kwanza, habari ya nyumba tutazungumza baadaye," huenda wakazungumza huku dalali amesimama mlangoni. Tena, mkopo uliokaa siku 90 bila ya kulipiwa huhesabiwa na benki katika mikopo mibovu, na jina la mkopaji huchafuka katika daftari la wakopaji ambalo benki zote hulitazama.

Hapa ndipo pana dhuluma ambayo haionekani kwa macho. Kila Mwislamu ajua kwamba mke aliyeachwa talaka rejea hatolewi nyumbani katika eda yake, na kwamba makazi na chakula chake vi juu ya mume. Wako wanaume ambao hawathubutu kumfukuza mke kwa ulimi wao, kwa kuwaogopa wazee, lakini huacha kulipa benki kwa makusudi, wakijua kwamba siku moja benki itamtoa. Mtu wa namna hiyo asijidanganye. Kumtoa mke kwa mkono wa dalali ni kumtoa. Naye hujidhulumu nafsi yake pia, kwa sababu nyumba iuzwayo mnadani kwa haraka mara nyingi haifikii bei yake sokoni, na fedha zikipungua deni, yaliyosalia yangali shingoni mwake. Nyumba imekwenda, na deni limebaki.

Kuna na mwenye kusema, "Fedha ya benki ina riba, na riba ni haramu, kwa hiyo silipi." Neno hili husemwa zaidi siku ya kulipa kuliko siku ya kukopa. Aliyeingia katika riba na atubu, asiirudie. Lakini rasilimali aliyoichukua na kuila ni deni, na deni la haki haliondolewi na toba. Atakaye njia iliyo safi, sheria ya mabenki ilirekebishwa mwaka 2016 ikaruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Salaam Bank ilipata idhini ya kwanza. Hata huko, malipo ya nyumba yakichelewa ni malipo yaliyochelewa, na talaka si udhuru.

Sasa habari ya saini ya mke. Saini ni za namna mbili, na akina mama wengi hawakuelezwa tofauti yake. Iko saini ya kuridhia tu: sheria haikubali nyumba ya ndoa iwekwe rehani mpaka mwenzi aridhie hali ya kuwa anafahamu anachokiridhia. Saini hiyo peke yake haimfanyi mke kuwa mdeni. Na iko saini ya kukopa pamoja, au ya kudhamini. Aliyetia hiyo, kwa kawaida ya mikataba hiyo benki yaweza kumdai deni zima, si nusu yake, hata kama wamekwisha achana na hata kama mume ameandika karatasi ya kulichukua deni lote. Karatasi baina ya mume na mke huwafunga wao wawili. Benki haifungwi nayo ila ikiwa nayo imekubali. Kwa hiyo mwanamke anayejivua kwa khului, akaambiwa, "Chukua nyumba na deni lake," na asiondoke kwenye kikao kwa furaha mpaka ajue benki imesemaje. Na ambaye nyumba yake iliwekwa rehani kwa siri, bila ya ridhaa yake, anayo njia ya kwenda mahakamani kuipinga rehani hiyo.

Liko pia jambo la aliyelipa. Wanawake wangapi wa mji huu, wenye meza zao Owino na maduka yao Kikuubo, hulipa benki kwa fedha zao hali hati ina jina la mume? Katika sheria ya Kiislamu mali ya mke ni mali yake, haigeuki kuwa ya mume kwa sababu ya ndoa. Mahakama ya Juu ya nchi, katika kesi ya Rwabinumi na Bahimbisomwe iliyokatwa mwaka 2013, ilisema kwamba fungu la kila mmoja hutazamwa kwa mchango wake. Na mchango wataka ushahidi. Risiti ya benki iliyotupwa jikoni haisemi kitu mbele ya kadhi wala mbele ya hakimu.

Basi wawili wanaoachana wafanye nini? La kwanza ni kwenda benki kabla taarifa haijaja, wote wawili ikiwezekana, na kueleza hali bila ya aibu. Benki haifurahii mnada kama watu wanavyodhani. Mara nyingi hukubali kuurefusha muda ili malipo ya kila mwezi yapungue. Pengine nyumba ina vyumba vya kupangisha uani, vile ambavyo watu wa Kampala huviita mizigo. Na vipangishwe, kodi yake iende moja kwa moja benki, na hiyo mizigo iubebe mzigo. Ikiwa mmoja ana uwezo, na ainunue haki ya mwenziwe na benki iandike mkataba mpya kwa jina lake. Ikiwa hapana mwenye uwezo, wauze wenyewe kwa idhini ya benki, kwa bei nzuri, walipe deni na wagawane kilichosalia. Na ikiwa mnada umekwisha tangazwa, kanuni za rehani za mwaka 2012 zamruhusu mwenye rehani, au mwenzi wake, kuomba mahakama iuahirishe kwa kuweka asilimia 30 ya deni au ya bei ya kuuza kwa haraka. Katika deni la milioni 60, hiyo ni milioni 18. Ni nani aliyeshindwa kulipa milioni mbili atakayezipata milioni 18?

Lililo baya kuliko yote ni kukimbilia wakopeshaji wa vichochoroni ili kulipa malimbikizo. Hao hawaandiki rehani, humtilisha mtu saini ya kuuza, na siku alipochelewa huja wakisema wamekwisha nunua. Wenye vibanja visivyo na hati ndio huponzwa zaidi.

Wazee waketio katika suluhu za ndoa huuliza mahari ilikuwa kiasi gani, na watoto ni wangapi, na nani atakaa nao. Na waulize pia, kabla chai haijaletwa: nyumba i katika rehani? Nani ametia saini, na saini ya namna gani? Malipo ya mwezi huu yamelipwa, na ya miezi ya eda atayalipa nani? Majibu yaandikwe, mume na mke watie saini, mashahidi nao watie, na nakala moja ipelekwe benki siku ya kazi inayofuata.